HUYU JAMAA WA MAKUMBUSHO AMENIGEUZA MALI YA KALE!!!

Wadau, nachapa hii nikiwa nje ya geti, mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Yule wa kofia, wa lile jumba dogo la vitu vya zamani, anayeongea ni kama anatangaza mpira. Simtaji, sitaki kesi.

Nimelipa kiingilio, nikatembea polepole. Pasi ya makaa, koroboi, TV ya Greatwall ya kichogo, ile ya kupigwa makofi ndio picha irudi. Nikafika kwa redio ya kaseti. Kama ile yetu ya nyumbani kabisa, hadi Bic ya kurudishia mkanda wameiweka kando. Hapo jameni nililainika.

Mara wanafunzi kama elfu kumi wakajaa chumbani. Jamaa akanyoosha fimbo. Si kwa redio. KWANGU. "Watoto, huyu babu aliishi enzi hizo. Mzee, hebu simama hapo karibu na redio wakuone."

BABU! Mimi! Nilizaliwa mwaka ambao redio ya taifa, VoK, ilikuwa inageuzwa KBC, 1989. Mtoto wangu yuko gredi ya pili! Kuna kasichana kamenigusa mkono kuona kama niko hai. Mwalimu wao akapiga picha. Mzee, simama karibu na redio!

BodaWaKondele: Ulisimama ama hukusimama? Jibu hilo kwanza.

Mwenye uzi: Nilisimama. Watoto walikuwa wanangoja, ningefanyaje?

OmenaMbichi: Pole babu. Na mbona walikulipisha? Vitu vya ndani ya kabati huwa havilipi.

MamaMbili: Mwacheni. Lakini hiyo ndiyo biashara yao sasa. Zamani ulikuwa unaonyeshwa mkuki na kibuyu, unapiga miayo, unaenda zako. Siku hizi wameshtuka: mtu hulipa haraka akiona kitu alichokiacha kwa mama yake. Leo kaseti, kesho simu ya kabambe, ile ya vibonyezo. M-Pesa ni ya 2007 tu, lakini subirini, ile daftari ya wakala tutaikuta ndani ya kioo.

MnakuruHalisi: Njooni Hyrax Hill, kwetu Nakuru. Mary Leakey, yule mwanaakiolojia, alichimba pale tangu 1937, na kuna mashimo ya bao yamechongwa kwenye mwamba. Hakuna wa kukuita babu, kila kitu kimekupita umri.

MamaMbili: Nyinyi nyamazeni, mmekuwa jiji juzi 2021. Watoto wangu hunivuta Makumbusho ya Kisumu waone boma la Kijaluo, nyumba ya mikai, mke wa kwanza, imetazama lango, na simba, vile vijumba vya vijana, ziko huko chini langoni. Kila mara kuna mmoja anauliza kwa nini hana simba yake.

MtuWaKitale: Mnabishana na sisi ndio wakubwa. Makumbusho ya kwetu Kitale ilitokana na wadudu na vitabu vya yule mzungu Stoneham, alianza 1926. Kisumu imefunguliwa 1980.

BodaWaKondele: Wameweka maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shule? Ile pakiti ya pembetatu? Wakiiweka nitaenda na abiria juu.

OmenaMbichi: Ukiuma kwa kona, nusu inaishia kwa shati. Hakuna aliyewahi kunywa yote.

MnakuruHalisi: Mnalia kona? Kwetu katoni zilikuwa zinaishia kwa hedmasta. Ng'ombe wake alikuwa anaona wivu.

Mwenye uzi: Wadau, mada! AMENIITA BABU MBELE YA SHULE NZIMA!

OmenaMbichi: Babu tulia, watu wanaongea maziwa.

BodaWaKondele: Kwani hiyo redio inaimba? Niko na moja kama hiyo, mkanda unatafunwa. Fundi ananizungusha, kila nikienda ni "kuja kesho".

MamaMbili: Yule wa mwavuli wa kijani? Ako na blenda yangu tangu Pasaka.

MtuWaKitale: Wa mwavuli wa kijani alihama huku kwetu. Ako na feni yangu.