Mama na mtoto katika uchoraji wa kisasa: je, bado ni Bikira Maria?

Swali
Ndugu zangu, kwa karne nyingi mchoraji wa Ulaya aliyechora mama na mtoto mara nyingi alikuwa akimchora Bikira Maria na Yesu. Sasa naitazama "The Child's Bath" ya mchoraji wa Kimarekani Mary Cassatt, ya mwaka 1893, iliyoko Art Institute of Chicago, jumba la sanaa huko Marekani: mwanamke anamwosha mtoto miguu katika beseni, wala hakuna malaika. Je, ni Maria yule yule aliyevuliwa utakatifu, au ni jambo jipya?

Jibu la kwanza
Kwangu ni jambo jipya, kwa sababu kinachochorwa pale ni kazi. Mkono mmoja umemzunguka mtoto kiunoni, mwingine unaosha mguu, na wote wawili wameinamia maji bila kumjali mtazamaji. Sisi tunawaona kutoka juu, mtazamo ambao Cassatt alijifunza kwa michoro ya Kijapani iliyoonyeshwa Paris mwaka 1890. Wanaosema kwamba picha zake ni tamu mno, nadhani hawajawahi kumwogesha mtoto asiyetulia. Yeye mwenyewe, kwa taarifa yenu, hakuolewa wala hakuzaa.

Jibu la pili
Nakubaliana na ndugu aliyetangulia, ila Paula Modersohn-Becker wa Ujerumani alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1906 alichora mama aliyelala ubavu, uchi, mwili mkubwa na mzito, na kichanga kimejikunja mbele yake, wala hakuna utamu wowote unaotafutwa pale. Mwaka huo huo alijichora akiwa na tumbo la mjamzito ilhali hakuwa na mimba. Alifariki Novemba 1907, wiki tatu zikiwa hazijatimia tangu ajifungue, na wengi husoma kila picha yake kupitia kifo hicho, jambo ambalo naona linamdhulumu mchoraji.

Jibu la tatu
Mimi nasita kusema kwamba Maria ameondoka. Picasso, mchoraji wa Kihispania aliyepata mtoto wa kiume Februari 1921, alichora mwaka huo "Mother and Child", ambayo nayo iko Chicago. Mwanzoni palikuwa na baba mwenye ndevu aliyemning'inizia mtoto samaki. Picasso alimkata baba huyo kutoka kwenye picha, na mwaka 1968 akawapa wenye jumba hilo la Chicago kile kipande alichokikata. Baba alipoondolewa, mkono wa mtoto ulioinuliwa ukawa unamwelekea mama, na hapo picha ikakaribia zile za makanisani kuliko alivyoianza.