Fundi majokofu Mwanza: nijisajili VAT au nibaki nilivyo?

FundiBaridi_Nyakato:
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi hapa Nyakato, nafanya kazi kwa jina langu, sina kampuni. TIN ninayo, leseni ninayo, mashine ya EFD ya kutolea risiti ninayo. Kuna mteja mkubwa anataka nimhudumie vyumba vyake vya baridi, ila anataka niwe na VRN, yaani namba ya usajili wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Nijisajili VAT, nimwache aende, au nifungue kampuni kabisa? Jibu analitaka Ijumaa.

Mhasibu_Igoma:
Mkuu, hapo bado hujasema kitu. Mauzo yako kwa mwaka ni kiasi gani? Mkataba wenyewe je? Na wateja wengine ni wa majumbani au makampuni? Bila hayo tutakupoteza.

Kirumba_Tu:
Achana nayo. Halafu kama EFD unayo, si tayari upo kwenye VAT?

Mhasibu_Igoma:
Hapana ndugu yangu. EFD ni mashine ya risiti tu, hata ambaye hajasajiliwa VAT anaitumia. VAT ni usajili wa peke yake, ndio unaokuruhusu kutoza ile 18%. Ukitoza bila usajili, ni kosa.

Hardware_Buhongwa:
Mimi nimesajiliwa na sijutii. Fundi, ukinunua kompresa kwa 590,000, ndani yake 90,000 ni VAT. Leo hiyo hela imekwenda. Ukisajiliwa unaikata kwenye VAT uliyokusanya, TRA (mamlaka ya mapato) unawapelekea tofauti tu. Na mteja mwenye VRN haumii na 18% yako, naye anaikata kwake. Ndiyo maana wanatukimbilia sisi.

Kirumba_Tu:
Na yule mama wa Nyegezi mwenye friji moja anaikata wapi? Kazi ya 100,000 inakuwa 118,000. Anamwita fundi wa jirani.

Hardware_Buhongwa:
Hapo umesema kweli.

FundiBaridi_Nyakato:
Samahani wakuu, nilikuwa site. Mwaka jana niliingiza kama milioni 70. Mkataba ni milioni 45 kwa mwaka. Wateja wengine wengi ni wa majumbani, mabucha na akina mama wanaouza samaki Mwaloni. Nilisikia ukipita milioni 100 lazima VAT, ndio hofu yangu.

Mhasibu_Igoma:
Milioni 100 ni ya zamani. Tangu Julai 2023 kiwango cha VAT ni milioni 200 kwa miezi 12. Wanaangalia na mbele pia: ukiwa na sababu ya kutegemea kufika huko miezi 12 ijayo, unapaswa kuomba. Wewe 70 na 45 ni 115, VAT haikulazimu. Ila 100 ipo kwenye kodi ya mapato! Ukiipita unatoka kwenye ile kodi ya wafanyabiashara wadogo inayokatwa kwa mauzo, unaanza kutengeneza hesabu kamili. Hilo litakukuta VAT uwe nayo au usiwe nayo.

Mwanasheria_Pasiansi:
Ongezeni hili: watoa huduma za kitaalamu wanasajiliwa bila kujali mauzo. Mawakili, wahasibu, wahandisi. Fundi anaweza kuangukia humo.

Hardware_Buhongwa:
Fundi majokofu ni mhandisi tangu lini?

Mwanasheria_Pasiansi:
Inategemea amesajiliwa na bodi gani. Kama yupo bodi ya wahandisi, hana pa kukwepea.

FundiBaridi_Nyakato:
Nina cheti cha chuo cha ufundi cha VETA tu, mkuu.

Mama_Steshenari:
Mwanangu, nisikilize kabla hujasaini. Niliomba VAT mwenyewe kwa sababu ya zabuni moja ya kupeleka karatasi na wino kwenye taasisi moja, jina silitaji. Nikapeleka mzigo wote, nikatoa risiti ya EFD siku hiyohiyo kwa sababu mhasibu wao aliitaka kabla ya kuandaa malipo. Sikujua kwamba risiti ikishatoka, VAT yake inadaiwa, hela uwe umeipata au hujaipata. Tarehe 20 ya mwezi uliofuata ritani, ile taarifa ya VAT ya kila mwezi, ikanikuta. Nilikopa kikoba nikalipa kodi ya hela ambayo sijaishika. Wao walinilipa miezi saba baadaye. Na bado, risiti za manunuzi nilizihifadhi kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, chini ya bati. Nilipozitoa nidai VAT yangu, zilikuwa nyeupe kabisa. Unaigeuza kwenye mwanga, unaona kivuli cha nembo tu. Aliyeniuzia alishahama. Hela ile imepotea hadi leo. Kila risiti itoe kopi siku unayoipata, na kwenye mkataba andika watakulipa ndani ya siku ngapi.

Hardware_Buhongwa:
Pole sana mama. Na kudai kuna mwisho wake, miezi sita ikipita hupati.

Kirumba_Tu:
Basi afungue kampuni.

Mhasibu_Igoma:
Kampuni haibadilishi kiwango cha VAT, ni ileile 200. Inachobadilisha ni kodi ya mapato, 30% ya faida, na hesabu za kila mwaka. Fundi, muulize mteja: VRN ni sharti lake au ni mazoea ya ofisi? Kama ni sharti, nenda TRA na rasimu ya mkataba uombe, ueleze mauzo unayotegemea. Vyumba vyenyewe viko wapi?

FundiBaridi_Nyakato:
Viwili Ilemela, kimoja Sengerema.

Kirumba_Tu:
Sengerema siku hizi ni kugusa tu, daraja la Kigongo–Busisi limeua foleni ya kivuko. Zamani ungepoteza siku nzima kwa kubadilisha feni moja.

Hardware_Buhongwa:
Mafuta je? Weka nauli kwenye bei, na useme wazi kama bei ni pamoja na VAT au bado. Mimi niliwahi kusahau neno hilo moja, 18% ikatoka kwangu.

Sato_Mwaloni:
Fundi, samahani naingilia. Sisi wa samaki wabichi hatuna VAT, ila friji langu la kifuniko linanguruma usiku kucha na sato wa chini hawagandi. Juzi nimetupa ndoo nzima.

FundiBaridi_Nyakato:
Pole dada. Barafu imejaa upande mmoja au pande zote? Nipigie picha kile kibati cha nyuma chenye aina ya gesi. Kesho asubuhi nipo Kirumba, nitapita kwako kabla ya kwenda TRA.