Unyevu unapanda ukutani: plasta ya chokaa au ya simenti? Naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Ukuta wa nje wa chumba cha kulala umelowa kutoka sakafuni hadi kama sentimita 70. Rangi inabanduka, chumvi nyeupe inatokeza, na nyuma ya kabati kuna ukungu mweusi.

Nimebandika nailoni ya nusu mita kwa nusu mita ukutani, kingo zote zimezibwa kwa gundi ya karatasi, kwa saa 48. Maji yametokea upande wa ukutani, siyo upande wa chumba. Kwa hiyo si mvuke wa ndani tu, ingawa kipima unyevu wa hewa ya chumbani nacho kinasoma asilimia 72 asubuhi, na inafaa kiwe chini ya 60.

Udongo wa nje ulikuwa juu kuliko sakafu. Umechimbwa hadi sentimita 15 chini yake. Kupaka rangi ya mafuta sitaki kabisa: inafungia maji ndani, yanapanda juu zaidi kisha inabanduka tena.

Mpango ni kubandua plasta hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, kutoboa matundu ya milimita 12 kila baada ya sentimita 12 kwenye mstari wa chini wa udongo wa kuungia matofali, na kujaza dawa ya kuzuia maji.

Ninapokwama: plasta mpya iwe ya chokaa, inayopumua, au simenti yenye dawa? Na ukuta uachwe ukauke muda gani kabla ya kupiga plasta? Aliyewahi kufanya kazi hii anisaidie, tafadhali.