Chocoflan yenye cajeta: karameli imekatika, keki imevunjika, nisaidieni

MamaWawili:
Habari zenu wapendwa. Niko Houston, huku Wamexico ni wengi, jirani yangu kila sherehe analeta keki yao ya chokoleti yenye flan juu (ile kastadi ya mayai na maziwa) na karameli inachuruzika, wanaiita chocoflan, wengine pastel imposible yaani keki isiyowezekana, kwa sababu unamwaga uji wa keki chini na flan juu halafu ikitoka kwenye oveni vimebadilishana nafasi. Jumamosi nikasema leo na mimi, tena sinunui ya chupa, napika mwenyewe ile cajeta, karameli yao ya maziwa ya mbuzi. Maziwa lita 2, sukari vikombe viwili, kijiti cha mdalasini. Kama dakika 40 hivi nakoroga naona punje punje, maji kivyake maziwa kivyake. Nikasema potelea mbali nikaimwaga hivyo hivyo kwenye chombo. Keki ilipoiva nikaigeuza ya moto maana wageni walishakaa, nusu iking'ang'ania chomboni nusu ikaporomokea sahani kama udongo wa masika. Watoto wameila kwa kijiko kwa hiyo ladha haina kesi. Nimekosea wapi?

bibi_halua:
Pole mwanangu. Soda uliweka? Mbona sijaiona hapo. Maziwa yana asidi kidogo, sasa maji yakikauka ile asidi inabaki mle mle inazidi nguvu, lazima yakatike. Beking soda ndo inaizima, na inasaidia rangi ikolee. Kwa lita 2 weka nusu kijiko cha chai, ikoroge na maji kidogo, epua sufuria ndo umimine maana inafura kama sabuni, sufuria iwe kubwa. Ni beking SODA sio beking pauda jamani. Halafu dakika 40 ulikuwa hujafika popote, ni saa moja na nusu hadi mawili, mwiko hautoki mkononi. Ukipitisha mwiko chini ukaona njia, inakaa kidogo ndo inajifunga, hapo imeiva. Mimi nimekulia Unguja kwenye sufuria za halua, siku nilipoona video ya Celaya kule Guanajuato, ndiko cajeta inakosifika, wanakoroga kwenye masufuria ya shaba, nikasema hawa ni ndugu zetu kabisa.

mpishi_wa_zamu:
Bi mkubwa kamaliza upande wa jiko, mi naongezea oveni. Dada, haraka ndo imekuponza. Flan ni mayai na maziwa, ikiwa ya moto haijashikana. Iache ipoe kabisa mezani, kisha ilale kwenye friji usiku kucha. Wakati wa kugeuza chovya kitako cha chombo kwenye maji ya moto kama dakika moja cajeta ilainike, weka sahani juu, geuza kwa moyo mmoja usisitesite. Na chombo kikae ndani ya trei ya maji ya moto, juu kimefunikwa foili, moto 350 za Fahrenheit za huko kwenu, saa moja na zaidi. Bila maji flan inachemka inatoka na matundu kama sponji. Kubadilishana wala usihangaike, flan nzito inazama, keki inajaa hewa inapanda.

jiko_la_mkaa:
Mbuzi wa nini sasa? Mi nachukua kopo la maziwa matamu nalichemsha na kopo lake masaa matatu, karameli hiyo hapo 😂

bibi_halua:
Hiyo ni dulce de leche wewe, tamu sawa, ila haina kale kaukali ka mbuzi kanakokata utamu wa chokoleti. Na maji yalifunike kopo muda wote, yakipungua likapasuka utaenda kupangusa dari. Halafu ukifika Argentina usije ukaagiza "cajeta" mezani, kwao ni tusi, tena zito.

MamaWawili:
Mrejesho. Nimerudia na soda, imefura kweli nusura imwagike, saa moja na dakika 50 mkono umekufa ganzi. Leo asubuhi nimegeuza, imetoka NZIMA, flan inatetemeka. Ila mama alipiga simu katikati ya kukoroga, chini ikaungua kidogo. Nimemwambia jirani akacheka, kumbe kwao kuna cajeta quemada, ya kuungua, na inauzwa dukani. Kwa hiyo nitasema nilikusudia.