Majina ya kampaundi: mnafundisha kemia au mnatega watu?

Wakuu, nimekuja kutema nyongo.

Kitabu cha kemia kinafungua sura ya majina ya kampaundi kwa jedwali la viambishi vya kuhesabu atomi, moja hadi tano: mono, di, tri, tetra, penta. Kariri! Mwanafunzi anakariri, anakutana na Al2O3, anaandika "dialumini trioksaidi". Anakula kosa. Eti ni alumini oksaidi, basi. Kwa nini? Kimya. Kumbe jedwali lile ni la elementi zisizo metali zikiungana zenyewe, kama CO na CO2, au N2O4. Alumini chaji yake kwenye kampaundi hizi ni +3, oksijeni −2, uwiano hauna pa kwenda, sasa uhesabu nini? Sentensi moja hiyo imewashinda kuiandika juu ya jedwali?

Haya, tumeshika: metali haiwekewi "di". Kurasa chache mbele, kwenye kutengeneza oksijeni kwa haidrojeni peroksaidi, kichocheo kinaitwa manganizi dioksaidi. MnO2! Manganizi si metali? Kwa kanuni yenu ya metali zenye chaji inayobadilika, zinazoandikiwa namba ya Kirumi, ilikuwa iwe manganizi(IV) oksaidi. Majina yote mawili yanatumika, sawa, basi semeni.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni namba za Kirumi. Mifano ni ileile kila notisi: FeCl2 ni chuma(II) kloraidi, FeCl3 ni chuma(III) kloraidi. Mtu akitazama hapo anaona namba ya Kirumi ni ile ndogo ya klorini, tena inamtoka sawa mara zote mbili! Mpe Fe2O3 uone: huyu anasema chuma(II), yule chuma(III), na aliyepatia kapatia kwa bahati. Ile ni chaji ya chuma: oksijeni tatu zinaleta −6, vyuma viwili vinagawana +6, kila kimoja +3. Hesabu ya mtoto mdogo, lakini mmeificha nyuma ya mifano miwili inayodanganya.

Salfeti na salfaiti sigombani nazo sana. SO4 na SO3, NO3 ni naitreti na NO2 ni naitraiti. "-Eti" ina oksijeni nyingi kuliko "-aiti", idadi yenyewe ndiyo ya kukariri kweli. Ila huko pia mnachomeka "ferasi" (yaani chuma(II)) na "feriki" (chuma(III)) bila onyo, kama vile mwanafunzi alizaliwa anazijua.

Walimu mliomo humu, nijibuni bila kuzunguka: mtu akiandika manganizi dioksaidi kwenye mtihani, mnampa alama au mnamnyima?