Kongoro na bondo la sangara: tiba ya magoti au tunapigwa?

Kijana wa Mama: Wakuu, bi mkubwa magoti yanamsumbua, jirani kamwambia atupe vidonge anywe supu ya kongoro (miguu ya ng'ombe) kila asubuhi, eti ina kolajeni, ile protini ya ngozi na mifupa, ute wa magoti unarudi. Mwingine anasema bondo la sangara, kile kifuko cha hewa cha tumboni mwa samaki, ndo kiboko, ndo maana Wachina wanalinunua lote. Kuna ukweli?

Dokta Uchwara: Kolajeni ipo, laza hiyo supu kwenye friji asubuhi unaikuta imeganda unaikata na kisu. Ila ukiinywa haiendi moja kwa moja gotini, tumbo linaivunjavunja kama protini nyingine halafu mwili unaamua wenyewe pa kuipeleka. Ile kolajeni ya unga ya dukani kuna tafiti zinasema maumivu yanapungua kidogo, ila nyingi ni ndogo na nyingine wamelipia wauzaji. Vidonge asiache. Na nyie wa kanda ya ziwa bondo mnauza, mnabaki mnakula mapanki.

Ngosha OG: Mapanki yamekukosea nini?? Kiwanda kimetoa minofu, mgongo na kichwa vimebaki na nyama yake, unakaanga unakamulia ndimu. Wewe unagombania miguu ya kuku kibarazani usiku unamcheka nani

Dokta Uchwara: Miguu ya kuku ni ya hiari mkuu

Ngosha OG: Hiari ya mfuko

Mama Igoma: 😂😂 Mnagombana bure, ngozi, mifupa na kichwa ndo kwenye kolajeni, sasa mla minofu na mla mapanki nani kapigwa? Na hiyo ndimu ina kazi yake, bila vitamini C mwili hautengenezi kolajeni, ndo unapata kiseyeye

Chaupele: Hoja ya Wachina wananunua haina mashiko. Si walikuwa wanachemsha ngozi za punda wanasema dawa ya damu, punda nusura waishe huku mpaka Umoja wa Afrika 2024 ukasimamisha wasichinjwe kwa ajili ya ngozi, miaka 15 kama sikosei. Mtu kulipa hela nyingi sio ushahidi wa tiba

Ngosha OG: Punda wameingiaje, tunaongelea heshima ya mapanki

Kijana wa Mama: Jamani bi mkubwa wangu…

Mama Igoma: Mwanangu mpeleke akapimwe, kongoro aendelee nayo kama chakula, mafuta ya juu mwenguie

Chaupele: Samahani nje ya mada, bondo kavu pale soko la samaki Mwaloni Kirumba, Mwanza, saa hizi kilo wanachukuaje?

Ngosha OG: Inategemea ukubwa, bondo kubwa na dogo hayana bei moja. Una mzigo au unapeleleza?