Mti wa Krismasi ukikatwa, kisiki huchipua tena? Naomba ushauri wa haraka

Mwana wa Pili:
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, mwenye kejeli apite kimya kimya.

Kwetu hatununui mti wa Krismasi. Marehemu baba alipanda misonobari nyuma ya nyumba, na kila Desemba, wikendi moja kabla ya sikukuu, tunatoka wote na msumeno. Tunabishana weee, tunachagua mmoja, tunaukata na kuuburuta hadi sebuleni. Mapambo ni yale yale: mnyororo wa karatasi ambao kila mtoto huuongezea pete yake, na nyota ya bati aliyoikata baba kwa mkono, pembe moja imepinda na hakuna anayeruhusiwa kuinyoosha. Nyota huiweka aliye mdogo kuliko wote, amebebwa mabegani.

Sasa umebaki mmoja. Unampita mtu mzima kidogo, umenyooka, unajaza kona ya sebule vizuri kabisa. Swali langu dogo tu: nikiukata, kisiki kitachipua? Na nifanyeje usikauke mapema? Watoto nimeshawaahidi.

Fundi Mbao:
Mkuu, msonobari si mgomba. Ukiukata ukabaki gogo tupu, kisiki kinakufa. Njia ipo moja: unakata juu ya lile duara la chini la matawi, unayaacha na sindano zake za kijani. Kisiki kinaishi kwa matawi hayo, na baadaye tawi moja hujiinua likawa shina jipya. Wako wakulima wa miti hii wanaovuna hivyo zaidi ya mara moja kwenye mzizi ule ule.

Kuhusu kukauka, dawa ni maji matupu. Kama umekaa muda tangu ukatwe, ondoa tena sentimita mbili au tatu chini ya shina, maana utomvu huwa umeshaziba, kisha uutumbukize kwenye ndoo palepale. Siku za mwanzo unakunywa kweli kweli, utashangaa. Usiache maji yakashuka chini ya mkato, utaziba upya. Na usiuweke karibu na jiko au mishumaa. Mti mkavu ukishika moto huna muda hata wa kuita mtu.

Mama Mapacha:
Hayo ya kukauka ndiyo mnaona shida? Wa kwangu uliangushwa na paka. Alipanda katikati ya usiku akifuata kitu kinachong'aa, nikasikia kishindo, nikajua wezi. Baba watoto akatoka na mwiko. Sasa tunaufunga kwa kamba kwenye nondo za dirisha, na mapambo ya vioo yanaanzia juu ya kiuno. Chini ni vitambaa tu. Samahani, swali lilikuwa nini?

Mjoli:
Ndugu zangu, someni Yeremia sura ya 10, mstari wa 3 na wa 4. Mti unakatwa mwituni, unapambwa kwa fedha na dhahabu, unakazwa kwa misumari usitikisike. Halafu mnauliza kama utachipua!

Kitabu Wazi:
Mjoli, soma na mstari wa 5. Hapo anasemwa mungu wa kuchonga asiyeweza kutembea wala kusema. Mti wa sebuleni tunaoujua ulianzia kwa Wajerumani, na Waingereza wengi waliuiga baada ya gazeti kuchapisha mchoro wa Malkia Victoria na mumewe Albert wakiwa na watoto kando ya mti, mwaka 1848. Hakuna anayeuabudu. Wa kwangu hata salamu siupi.

Shangazi wa Uzi:
Nyie endeleeni na malkia. Mimi nina swali kwa mleta mada. "Sasa umebaki mmoja" umeandika ukapita mbio. Huo mti ni wa nani?

Mwana wa Pili:
Ni wa familia, shangazi. Ila aliyeupanda ni dada yangu mkubwa. Na alipiga simu akasema nisiuguse. Lakini yeye anafika tarehe 24 usiku, sasa tupambe saa ngapi? Halafu kiwanja ni cha wote, hakuna mti wenye hati.

Fundi, nimekusoma. Tatizo matawi ya chini nilishayafyeka Jumamosi, msumeno haukuwa na pa kupita. Ya juu yote yapo.

Fundi Mbao:
Basi funga mjadala wa kuchipua. Hayo uliyofyeka ndiyo yangekiokoa kisiki. Pale kwenye gome tupu hapatoki kitu.

Kijiwe Namba Moja:
Kwa hiyo mkuu anaomba ushauri wa kukata kitu alichokwisha kuanza kukikata 😂

Mzee wa Hesabu:
Wakuu, mimi naona hapa tunanyweshwa chai. Msonobari huchukua miaka saba hadi kumi hivi kufikia kimo cha sebuleni. Kama marehemu alipanda yote kwa pamoja, wa mwisho leo ungekuwa umepita paa. Kama mlikuwa mnapanda mingine kila mwaka, isingebaki mmoja. Hadithi inadai yote mawili. Mleta mada achague moja.

Kijiwe Namba Moja:
Nilihisi tangu kwenye nyota ya bati. Pembe iliyopinda! Hiyo ni tamthilia, sehemu ya kwanza.

Mama Mapacha:
Jamani, na mimi nimetoa siri ya mwiko bure?

Mwana wa Pili:
Sijaja kutunga hadithi hapa. Utaratibu wa baba ulikuwa hivi: anayekata ndiye anayepanda, mche mmoja, kabla mwaka haujaisha. Tulikuwa tunapokezana. Baba alipougua zamu zote zikawa zangu, kwa sababu mimi ndiye niliyebaki nyumbani. Kukata nimekata kila mwaka, watoto hawajakosa mti hata siku moja, hilo halisemwi. Miche ndiyo ilikuwa shida, mara haipatikani, mara niko safarini, na hakuna aliyenikumbusha. Uliobaki dada aliupanda kwenye zamu yake ya mwisho kabla hajaolewa. Hesabu imetimia, mzee?

Mzee wa Hesabu:
Ya mti imetimia. Ya miche bado.

Shangazi wa Uzi:
Dada alisema nini hasa kwenye simu? Si maana yake. Maneno yake.

Mwana wa Pili:
Alisema, "Kata wa kwako."

Kijiwe Namba Moja:
Huyo dada apewe uenyekiti wa familia leo hii.

Shangazi wa Uzi:
Mwanangu, mbona jibu ulipewa kabla hujafungua uzi?

Fundi Mbao:
Ushauri wa bure. Uache umesimama, uupambe hukohuko nje kwa taa zinazohimili mvua, nyota juu, ngazi unayo. Matawi uliyofyeka usiyatupe, yafunge pamoja yaingie sebuleni, harufu ni ile ile. Na tafuta miche hata mitatu, mmoja ukifa iwepo mingine. Dada akifika akute mashimo yameshachimbwa.

Mwana wa Pili:
Nakushukuru kaka, lakini watoto wamezoea mti uwe ndani. Na kupamba mti wa nje si mila yetu. Mila yetu ni kukata.

Mjoli:
Yeremia 10.

Mzee wa Hesabu:
Weka picha ya huo mti, na visiki vyote vionekane nyuma yake.

Mwana wa Pili:
Saa hizi giza. Nitaweka kesho.

Mzee wa Hesabu:
Kesho utakuwa umeshakata.